Tundu la Shingoni

Mama aliniuliza swali moja tukiwa tumesimama kando ya vyungu vilivyokwisha kupangwa tayari kuchomwa, nikamjibu uongo wa neno moja. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja pale Bariadi. Nimewakaripia wanafunzi wengi mno walioniambia wamesahau daftari nyumbani, na sijaona hata mmoja aliyedanganya upesi kama nilivyodanganya mimi Jumamosi ile. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua analijua hilo. Sikujua kwamba uongo nao uko karibu hivyo.

Mama alikuwa na rovu. Lilianza kama yai la kanga chini ya kidevu, wakati mimi niko darasa la sita, na kwa miaka mingi hakuna aliyelijali, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Alifunga kitambaa shingoni akaendelea na kazi zake za ufinyanzi na pamba. Lakini mwaka huo uvimbe ulimshika pumzi. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na alipopanda kilima kidogo cha kutoka kisimani nilisikia hewa ikipita kwa shida kooni mwake. Kitu pekee ambacho rovu halikukigusa ni sauti. Mama aliweza kusimama kwenye mlango wake kule Ngulyati akamwita mtu aliye upande wa pili wa shamba la pamba, na mtu yule akaitika. Hajui kusoma wala kuandika. Kila alichowahi kutuambia, kutufundisha au kutugombezea kilipita kwenye sauti ile.

Daktari wa hospitali ya mjini alinieleza koridoni, kwa sababu Kiswahili cha mama ni cha sokoni na maneno ya daktari hayakuwa ya sokoni. Alisema upasuaji hauepukiki, uvimbe unakandamiza njia ya hewa na masika yasimkute nao. Kisha akasema umekua ukizunguka neva inayoendesha sauti. Atajitahidi, lakini mama anaweza kuamka hana sauti, kwa muda au moja kwa moja. "Mweleze kwa lugha yenu, taratibu," akaniambia. "Ni haki yake kujua."

Nilirudi kwenye benchi alikoketi mama, mikono yake juu ya mapaja.

"Amesema ni jambo dogo, mayu," nikamwambia kwa Kisukuma. "Wanakata, wanashona, unarudi nyumbani."

Aliniangalia kwa muda. "Maneno yote yale marefu, yakawa jambo dogo?"

"Ndiyo, mayu."

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Tulikuwa tumembembeleza miezi mingi. Aliyetuwekea ngumu zaidi ni mjomba, kaka yake mkubwa, anayeishi boma la jirani, na mjomba hakuwa mjinga. Mke wake wa kwanza aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake na kurudishwa amelala nyuma ya pikapu. Tangu hapo neno kisu likitajwa pamoja na neno hospitali, mjomba huondoka barazani. Siku tuliyompata akakubali kwa shingo upande, nilijua kamba tuliyoishika ni nyembamba. Nikaona kwamba nikitaja sauti, imekatika.

Sasa kitabu. Mwezi huohuo shuleni kwetu lilifika sanduku la vitabu vya msaada, vingi vyake vya ajabu tupu, kimojawapo kikifundisha namna ya kuteleza kwenye theluji. Chini kabisa nilikuta kitabu kikubwa cha picha za vyungu vya kale vya Peru, kazi za watu walioitwa Wamoche, walioishi kwenye jangwa la pwani kule zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walimu wenzangu walikiangalia kidogo wakarudi kwenye chai yao. Mimi nilikosa kipindi cha Kidato cha Pili kwa sababu yake.

Vilikuwa vyungu vyenye nyuso za watu. Si nyuso za kubuni, ni za watu fulani waliowahi kuishi, maana huwezi kubuni pua ya namna ile. Juu ya utosi kila chungu kilikuwa na mpini wa duara, na katikati ya mpini umeota mdomo wa kumiminia maji. Vingine vilichorwa kwa udongo mwekundu juu ya mweupe: watu wenye vichwa vya kulungu wanakimbia, ndege wameshika mikuki, popo, samaki mwenye mkono wa binadamu. Kuna mwanamume mmoja mwenye kovu mdomoni aliyefinyangwa akiwa kijana, kisha akafinyangwa tena akiwa mtu mzima, na kovu liko palepale. Nilipiga picha kurasa zote kwa simu.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Ngulyati nikamwonyesha mama. Nilidhani atashangaa nyuso. Yeye alishangaa mpini.

"Huu una tundu ndani?"

"Maji yanapita humo humo, mayu."

"Na hawana gurudumu la kufinyangia?"

"Hawana."

"Kama sisi." Akaisogeza simu karibu na macho. Nilikuwa sijamwona mama akimheshimu mfinyanzi mwingine yeyote, hata bibi, mama yake, aliyemfundisha, lakini picha zile aliziangalia akiwa amekunja midomo jinsi anavyofanya kanisani. Alipofika kwa yule mwenye kovu akasimama. "Mbona hakumficha mdomo?"

"Labda mwenyewe hakutaka afichwe."

"Basi alikuwa na mfinyanzi mzuri," akasema. Kisha: "Mimi nifinyange. Na hili la shingoni liweke."

Nilikuwa sijashika udongo tangu niende chuo. Niliufinyanga uso wa mama kwa Jumamosi mbili, yeye ameketi mbele yangu juu ya kinu kilicholazwa, akinicheka kila nilipomfanya mzuri kuliko alivyo. "Hiyo pua ni ya nani? Nirudishie yangu." Vyungu vyetu havina picha, vina mistari tu inayochapwa kwa gunzi la mhindi, lakini mpini ulipokamatana na kichwa mama alichukua udongo mweupe akachora yangeyange sita wakifuatana kuzunguka kilemba. Nilipomuuliza kwa nini yangeyange akasema ndio aliozoea kuwaona nyuma ya ng'ombe. Wekundu wa ngozi aliupaka yeye pia, kwa ngeu, ule udongo mwekundu, taratibu, kwa ncha ya kidole, akigongagonga kwa ukucha hapa na pale. Rovu nililifanya peke yangu. Kitonge kinene kikiwa kigumu ndani hupasuka motoni, hilo nililikumbuka tangu utotoni, kwa hiyo nilifinyanga tufe lenye uwazi, nikalibandika shingoni na kulainisha kiungo kwa kokoto la mto hadi usingeweza kujua limebandikwa.

Siku ya kuchoma ilikuwa Jumamosi, na Alhamisi iliyofuata ndiyo mama alitakiwa hospitali.

Mjomba alikuja asubuhi kusalimia. "Mwangaluka," akasema, kabla hajaona kitu, na tulipokuwa tunaitikia akawa amekiona. Chungu kilikuwa kimelala juu ya mabua ya pamba kati ya vyungu sita vya mama, uso umeelekea juu. Salamu ikamkatikia mdomoni.

"Huyu ni dada yangu."

"Ni chungu, mjomba," nikasema.

"Nimeuliza?" Hakupaza sauti. "Siku tano kabla ya kisu, unamweka dada yangu motoni. Ndiyo mliyosomea hayo?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu baya. Mama aliinua mkono tu. Kwetu watu hawagombani mbele ya vyungu vinavyosubiri moto, hata ndoa ikiwa inavunjika inasubiri jioni. Mjomba akavuta kigoda akaketi. Akasema, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko makelele, "Sawa. Nitakaa. Kikitoka kizima, nitampeleka mimi mwenyewe. Kikipasuka, asiniambie mtu neno hospitali tena."

Nilimtazama mama nikitegemea atamcheka, kama anavyomcheka kila siku. Hakumcheka. Alikuwa anapanga samadi kavu juu ya mabua, mikono yake haina haraka, na hewa inakwaruza kooni. Alipokamilisha akatandaza nyasi, akachukua kiberiti, kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Hili la shingoni, ulilitoboa?"

Nikakumbuka palepale. Kitu chenye uwazi kilichozibwa pande zote lazima kitobolewe kwa mwiba, kitundu kimoja kidogo tu, ili hewa ikipanuka kwa joto ipate pa kutokea. Mtoto wa miaka minane nyumbani kwetu anajua hilo. Kichwa chenyewe kilikuwa na mdomo wa mpini, hakikuwa na shida. Rovu lilikuwa limefungwa kabisa. Nililifunga mimi, nikalilainisha vizuri mno, nikiwa najisifu moyoni.

Mjomba alikuwa ananitazama. Kufumua vyungu vilivyokwisha kupangwa mbele yake ilikuwa sawa na kumpa alichotaka. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho naona aibu kukiandika: mimi ni mwalimu, sipendi kukosea mbele ya watu.

"Ndiyo," nikasema.

Mama akawasha.

Mabua ya pamba huwaka kwa kelele. Kila tawi lililolia lilinipasua mimi. Niliketi nimekumbatia magoti nikijiambia kwamba labda nililainisha vibaya, labda kuna ufa mdogo nisiouona, labda hewa itapenya. Nikawa namwomba Mungu ufa. Nilifikiria kusimama na kusema kweli, mara mbili nilifungua mdomo, na kila mara moto ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko dakika iliyotangulia. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa: Alhamisi itapita, masika yatakuja, na mama atakosa pumzi ameketi pale ukutani kwa sababu mimi sikuchoma mwiba kwenye udongo.

Kilipasuka nyasi zilipokuwa zimeshalala. Haukuwa mlio mkubwa. Pa, mara moja, kutoka katikati, na majivu yakaruka kidogo.

Mjomba alisimama. Nilitegemea hasira, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea habari za msiba, na hapo ndipo nilipojua kwamba mzee yule alikuwa ameomba kishindo kile kisije, kama nilivyoomba mimi.

"Basi," akasema. "Dada haendi."

"Kaa, kaka," mama akamwambia. "Majivu hayajapoa."

Hiyo nayo ni desturi. Hakuna anayegusa mpaka mwenye chungu aweze kulaza kiganja juu ya majivu, na aliyefinyanga ndiye anayefukua. Tulisubiri mchana kutwa. Jirani alipita akaleta michembe ya viazi, hakuna aliyekula. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anaongea, habari za mvua, za mbegu za pamba, za ng'ombe wa mtu fulani aliyeingia shambani kwa mtu fulani, na mimi nilisikiliza ile sauti yake nikishindwa kuvumilia.

Jua lilipoelekea kushuka nililaza kiganja. Nikafukua. Vyungu vya mama vyote sita vilikuwa vizima. Chungu changu nilikivuta kwa mikono miwili, nimefumba macho kama mjinga, nikakifuta majivu kwa khanga.

Uso ulikuwa mzima. Pua ilikuwa ya kwake, mpini haukuwa na ufa, yangeyange walikuwa wanafuatana. Shingoni, mahali pa rovu, palikuwa na tundu lenye kingo za msumeno, ungeweza kupitisha kidole gumba. Kiko juu ya kabati langu hivi leo, na wageni hudhani nilikiangusha.

Mama alikipokea akazipapasa kingo zile.

"Hukutoboa," akasema.

"Sikutoboa, mayu."

"Nilijua. Nilikigonga kwa ukucha siku nilipokipaka ngeu. Kilichozibwa kinalia tofauti."

Mjomba akageuka. Mimi kwanza nilipandwa na hasira, sikatai. Nilikuwa nimekaa mchana mzima natokota, kumbe anajua. "Sasa uliniuliza ya nini? Ungetoboa mwenyewe! Ungeniambia!"

"Nilitaka kusikia utanijibu nini," mama akasema. Alikiweka chungu chini kati yetu, akaniangalia kama alivyoniangalia kwenye benchi la hospitali. "Chungu tutafinyanga kingine, ng'wanone, mwanangu. Lakini kule ninakokwenda siijui lugha yao. Wewe ndiye masikio yangu. Sasa niambie, daktari alisema nini?"

Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Kila neno ambalo ningesema lilikuwa silaha mkononi mwake, na mama alilijua hilo alipochagua kuniuliza mbele yake. Nikasema. Nilisema kwa Kisukuma, polepole, na kwa kuwa sina neno la neva nikasema uzi, uzi unaoivuta sauti, na uvimbe umeuzunguka. Nikasema anaweza kuamka bila sauti. Nikasema huenda isirudi. Nililia nikiwa nasema, machozi ya aibu zaidi kuliko ya huzuni.

Mama hakulia. Alishika koo lake, juu kidogo ya kitambaa.

"Na wasiponikata?"

"Utakosa pumzi. Amesema masika yasikukute."

Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, tukiisikia sote watatu.

"Kumbe ndiyo hilo," akasema. "Nilidhani umenificha kufa."

Kisha akamgeukia kaka yake. "Kilichopasuka kimepasuka kwa sababu huyu hakutoboa. Umezaliwa nyumba ya wafinyanzi, usijifanye hujui. Alhamisi naenda, na wewe utakuja. Kama sauti itabaki kule, nataka uwe uliisikia mpaka mlangoni."

Mjomba alivuta kigoda chake karibu na mama, akaketi, akaanza kuokota vipande vya rovu kutoka kwenye majivu, kimoja kimoja, akivikusanya kwenye kofia yake.

Siku zile nne mama aliongea. Aliwapigia simu watoto wake wote, hata yule wa Lamadi waliyenuniana naye tangu mahari ya mwanawe. Alinieleza udongo mzuri unachimbwa wapi na nani asionyeshwe. Alimgombeza kila aliyestahili.

Alhamisi daktari alianza kueleza, akanitazama nitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, pamoja na ile ya sauti, na daktari alishangaa kuona mama anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia hadithi ya zamani. Ilipofika kuweka dole gumba kwenye fomu, wino haukuonyesha mistari. Nesi akamwambia, "Bibi, jaribu tena." Akajaribu mara tatu, ikatoka duara nyeusi tupu. Udongo umekula mistari yote, nikaeleza, ni mfinyanzi. Mama alicheka. Mjomba alimsindikiza hadi mlangoni kama alivyoagizwa, akiwa ameshika kofia, na mama aliongea mpaka mlango ulipofungwa.

Siku ya kwanza hakutoa sauti. Ya pili alifungua mdomo, ikatoka hewa tupu, akaufunga, akageukia ukutani. Nilikaa pale nikimwangalia anavyopumua. Alikuwa amelala chali, jambo ambalo sikuwahi kuliona mwaka mzima, na pumzi ilipita kimya. Mjomba hakuondoka.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta ameamka. Shingoni alikuwa na bandeji, na pembeni ya bandeji, kwenye kitundu kidogo cha ngozi, ulitoka mpira mwembamba ambao daktari aliuweka kutoa damu chafu, ukishuka hadi kwenye kichupa kando ya kitanda. Mama alikuwa ameushika. Aliufuata kwa kidole kutoka chini, taratibu, hadi pale unapoingia shingoni, akapapasa kingo zake kwa ncha ya kidole. Alinitazama. Mjomba alisimama kutoka kwenye kiti.

Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzwa, ilibidi niiname kuisikia.

"Huyu ametoboa," mama akasema.